Je, Nimtoe Mwanangu Kwenye Chakula cha Shule?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 10 na yuko darasa la tano katika shule ya binafsi hapa Dar es Salaam. Ana urefu wa sentimita 138 na uzito wa kilo 42. Mwalimu wake amenishauri nitafute mtaalamu, kwa sababu anachoka haraka na wenzake wanamwita bonge. Chakula cha mchana kimo ndani ya ada: wali au ugali kwa maharage, makande, na pilau siku ya Ijumaa, na watoto wanaruhusiwa kuongezewa. Anaamka saa 10:30 alfajiri ili awahi basi la shule, anarudi saa 11 jioni, kisha anakaa tuisheni hadi saa 1 usiku. Baba yake anataka tumtoe kwenye chakula cha shule nimfungashie saladi na matunda, au tumwandikishe kwenye timu ya mpira ya Jumamosi. Bibi yake anasema mtoto ana afya, tumwache. Nimsikilize nani?

JIBU: Mama, nakushukuru kwa kuniandikia urefu na uzito kwa pamoja, maana wazazi wengi huniletea kilo peke yake, na kilo bila urefu hazielezi chochote kuhusu mtoto anayekua. Tukichukua kilo 42 tukazigawanya kwa 1.38 mara 1.38, tunapata uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 22. Kwa mtu mzima namba hiyo ni ya kawaida kabisa, na ndiyo sababu mzazi anayempima mtoto kwa kipimo chake mwenyewe hutulia wakati hapaswi kutulia. Mtoto ana jedwali lake kulingana na umri na jinsia. Katika marejeo ya ukuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, yanayotumika kwa umri wa miaka 5 hadi 19, mvulana wa miaka 10 aliye katikati ya wenzake ana uwiano wa 16.4, akipita 18.5 tunasema uzito wake umezidi, na akipita 21.4 tunasema ana kiribatumbo, yaani unene uliopita kiasi. Mwanao amevuka mstari huo wa mwisho kwa kiasi kidogo. Mwalimu aliona sawasawa, na anastahili shukrani.

Bibi naye asipuuzwe, kwa sababu maneno yake yana historia. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, kumwambia mtu "umekuwa na afya" ni kumwambia amenenepa, na lugha haikufika hapo bure. Kizazi cha bibi kimeona watoto wakidhoofika kwa surua, kuhara na njaa, na katika miaka ya 1980 na 1990 kiliwaona ndugu na majirani wakikonda kwa UKIMWI hadi kuzikwa. Kwa mtu aliyepitia hayo, mashavu ya mjukuu ni ushahidi kwamba nyumba iko salama. Ninapozungumza na mabibi kliniki siwaambii kwamba wamekosea. Huwaeleza kwamba mtoto anaweza kuwa mnene na wakati huohuo akapungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma, kwa kuwa unga mweupe, sukari na mafuta vinajaza tumbo bila kujenga vyote vinavyotakiwa mwilini. Hapo wengi hunielewa haraka kuliko wazazi, kwa sababu wanajua tofauti ya kushiba na kulishwa vizuri.

Sasa nije kwenye wazo la baba, ambalo ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Nimesoma swali lako mara kadhaa, nikaona kwamba umenipa saa nyingi za siku ya mwanao, lakini umenitajia mlo mmoja tu. Tangu saa 10:30 alfajiri hadi anapolala, mtoto huyu anakula chakula cha mchana pekee katika maelezo yako. Hujaniambia anakunywa nini asubuhi, anapewa pesa kiasi gani ya matumizi, nini kinauzwa kwenye duka la shule, anapita wapi akishuka kwenye basi, wala anakula nini na saa ngapi usiku. Sikulaumu. Familia nyingi huanza kukitilia shaka chakula cha shule kwa sababu kinapikwa na watu wengine, nje ya macho yetu. Lakini katika kazi yangu, nikikaa na mzazi na mtoto tukaandika kila kitu kilichopita mdomoni kwa siku tatu, sahani ya mchana mara chache sana huwa ndiyo chanzo. Chanzo hukaa pembeni yake, kabla na baada.

Tazama sahani yenyewe. Maharage yana protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi zinazokaa tumboni kwa muda mrefu. Makande ni mahindi na maharage katika chungu kimoja, na yakipikwa kwa mafuta kidogo ni miongoni mwa milo bora anayoweza kupewa mtoto wa shule. Ugali wa dona una kiini na pumba ambazo sembe imeondolewa. Pilau la mara moja kwa wiki halimharibu mtoto. Kasoro ninazoziona ni mbili: hukutaja mboga za majani wala tunda, na umesema wanaruhusiwa kuongezewa. Kinachoongezwa kwa kawaida ni wali, kwa sababu ndio uliobaki mwingi kwenye sufuria. Hilo linarekebishika bila kumtoa mtoto mezani. Mwombe mwalimu wa zamu au mpishi ampakulie mara moja sahani yenye wali wa kiasi, maharage ya kutosha na mboga, na mfundishe mwanao kusubiri kama dakika kumi na tano kabla ya kuomba tena, kwa maana shibe huchelewa kufika kichwani hata kama tumbo limeshapokea. Akiomba tena baada ya hapo, aongezewe maharage na mboga kwanza.

Saladi na matunda kwenye kontena vitafanya nini badala yake? Mtoto aliyeamka saa 10:30 alfajiri atakula majani na tikitimaji saa 7 mchana, na ikifika saa 9 alasiri atakuwa na njaa kali, akiwa na safari ndefu ya basi mbele yake na pesa mfukoni. Jioni atakula kwa fidia. Zaidi ya hapo, atakuwa peke yake mwenye chakula tofauti katika meza ya wenzake ambao tayari wanamwita bonge. Mtoto aliyetengwa mezani hujifunza kula kwa kificho, na nikishampata mtoto anayekula kwa kificho, kazi yangu huwa ngumu mara tatu. Kwa hiyo jibu langu kwa baba ni hapana, mwacheni ale na wenzake.

Pembeni ya sahani ndipo tunapotakiwa kutafuta, na ningeanza na vinywaji. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, ambazo ni vijiko vya chai tisa, na ile ya plastiki ya nusu lita ina gramu zinazozidi 50. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi, isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, na linapendekeza ishuke chini ya asilimia 5 ikiwezekana. Kwa mtoto anayehitaji takribani kilokalori 2,000 kwa siku, kikomo hicho cha kwanza ni gramu 50. Chupa moja ya nusu lita inakimaliza chote, kabla hatujahesabu chai ya asubuhi, uji, biskuti na juisi ya boksi ambayo wazazi wengi huiweka kwenye begi wakiamini ni tunda. Sukari ya kunywa ina ubaya wa pekee: haishibishi. Mtoto aliyekunywa soda hapunguzi wali kwa ajili yake. Mpe chupa ya maji iliyojaa kila asubuhi, na uulize shuleni maji safi yanapatikana wapi, kwa sababu nimeona shule ambazo duka lina friji ya soda lakini bomba la maji ya kunywa limekauka tangu muhula uliopita.

Baada ya vinywaji kuna vitafunwa vya kukaanga. Sina ugomvi na andazi, sambusa wala mihogo ya kukaanga, ambavyo ni vyakula vyetu na vina mahali pake. Lakini kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takribani kilokalori 120, na unga uliozamishwa kwenye karai hunyonya mafuta ambayo jicho halioni. Mtoto aliyeondoka nyumbani bila kula kitu, akafika mapumziko ya saa 4 asubuhi akiwa hoi, atakula maandazi matatu kwa chai ya sukari bila kujua amekula kiasi gani. Akipata yai la kuchemsha na kiazi kitamu au ndizi ya kuchemsha kabla ya basi, hata kama ni ndani ya basi lenyewe, saa 4 itamkuta na uwezo wa kuchagua. Pesa ya matumizi ningeipunguza polepole huku nikimpa kitu cha kubeba, kama karanga kiasi cha ngumi yake na chungwa. Kumnyima ghafla bila mbadala ni kumfanya aombe kwa wenzake.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hawalihesabu kama chakula, nalo ni usingizi. Madaktari wa usingizi wa Marekani, katika mapendekezo yao ya mwaka 2016, walisema watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 za kulala kwa siku. Mwanao akiamka saa 10:30 alfajiri, ili apate saa 9 anapaswa kuwa amelala saa 1:30 usiku, yaani nusu saa baada ya tuisheni kwisha. Nadhani hilo halifanyiki. Kama analala saa 4 usiku, anapata saa sita na nusu, kila siku ya juma, mwezi baada ya mwezi. Usingizi ukipungua, homoni zinazoamsha njaa hupanda, mtoto hutamani vitamu na vya mafuta, na mchana huwa mzito wa kucheza. Uchovu alioueleza mwalimu huenda unatokana na uzito, lakini huenda pia unatokana na saa hizo. Kama kuna kitu kimoja katika ratiba yenu ambacho ningekiondoa bila kusita, ni tuisheni ya angalau siku tatu katika wiki, ili mtoto acheze hadi magharibi, ale mapema na kulala. Najua ni ombi zito kwa mzazi wa mjini. Nalitoa nikijua uzito wake.

Tuje kwenye mpira wa Jumamosi. Mwandikishe, lakini uelewe unanunua nini. Mtoto wa kilo 42 akicheza mpira kwa saa nzima bila kusimama hutumia takribani kilokalori 270, na soda mbili ndogo zinarudisha zaidi ya hizo. Katika mazoezi halisi sehemu kubwa ya saa ni kupanga foleni na kusubiri zamu, na mara nyingi mtoto mnene huwekwa golini au benchi. Utafiti mwingi uliofanywa juu ya mazoezi ya shuleni, na kukusanywa katika tathmini za Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tafiti za afya, unaonyesha kwamba mazoezi pekee hubadilisha uwiano wa uzito na urefu kwa kiasi kidogo sana, pengine kisichoonekana. Wazazi wakisikia hivyo hukata tamaa na kuacha michezo, na hilo ni kosa kubwa. Mchezo humpa mtoto mapafu na moyo wenye nguvu, mifupa migumu, mwili unaoitumia vizuri insulini (homoni inayodhibiti sukari kwenye damu), usingizi mzito na darasa linaloeleweka, hata kama mizani haijasogea gramu moja. Anastahili hayo yote kwa haki yake ya utoto. Kwa hiyo msimwambie kwamba anakwenda mpirani kupunguza tumbo, na msimlipe kwa soda akitoka uwanjani.

Kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa umri wa miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa kumfanya mtoto aheme, na angalau siku tatu katika wiki kuwe na shughuli nzito zaidi zinazojenga misuli na mifupa. Zingatia neno "kwa siku". Jumamosi moja haitoshi kwa wiki nzima. Dakika hizo si lazima ziwe mfululizo wala si lazima ziwe na kocha: rede, kombolela, kuruka kamba, kukimbizana kwenye mapumziko, kutembea kwenda dukani kwa mguu na kubeba ndoo ya maji vyote vinahesabika. Kizazi chetu hakikuandikishwa popote. Tulitumwa, tukacheza, tukaitwa ndani magharibi. Mtoto anayetoka kitandani kwenda kwenye basi, kwenye dawati, kwenye basi tena na kwenye meza ya tuisheni hana mahali pa kupata hata dakika ishirini, isipokuwa shule yenyewe impe.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema na wazazi wote wenye watoto katika shule kama hiyo. Kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba, lakini mitihani ya taifa ikikaribia hugeuka kuwa kipindi cha hisabati. Viwanja vimegeuzwa maegesho ya mabasi, na watoto wanaambiwa wasikimbie kwenye baraza wasije wakaumia. Tunalipa ada kubwa ili mtoto akae chini kwa saa nyingi zaidi kuliko mtoto wa shule ya umma anayetembea kilomita mbili kwenda na kurudi, na watafiti waliopima watoto wa Dar es Salaam wamekuta uzito uliozidi ni mkubwa zaidi katika shule za binafsi. Mkutano wa wazazi ujao, badala ya kuuliza wastani wa alama pekee, ulizeni mambo matatu: maji ya kunywa yako wapi, duka linauza nini, na watoto wanakimbia saa ngapi. Nchi nyingine zimekwishalishughulikia suala la duka kwa sheria. Chile ilipiga marufuku kuanzia mwaka 2016 kuuza shuleni vyakula vyenye alama ya tahadhari ya sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi, na Mexico ikafuata kwa marufuku yake iliyoanza Machi 2025. Shule yenu haihitaji kusubiri sheria ili iweke ndizi na maji mahali pa krispi na soda.

Ninaomba lakini hofu ya unene isitufikishe mahali pa kudharau chakula cha shule kwa jumla. Katika nchi hii, utafiti wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wana udumavu, huku wenye uzito uliozidi wakiwa asilimia 4. Kuna watoto wengi wanaokaa darasani hadi alasiri bila kula chochote kwa sababu mchango wa chakula haukutosha, na kwao bakuli la makande ndilo linalotofautisha kusikiliza na kusinzia. Sahani ileile ya maharage, mboga na nafaka isiyokobolewa ndiyo dawa ya mtoto aliyepungukiwa na ndiyo inayomfaa mwanao. Hatuhitaji vyakula viwili tofauti kwa matatizo hayo mawili.

Sasa lengo ni lipi kwa mtoto wako mwenyewe? Hatutafuti apungue kilo. Ana miaka 10, anakaribia kubalehe, na mwili wake unahitaji chakula cha kujengea urefu. Wavulana wa umri huu huongezeka takribani sentimita tano hadi sita kwa mwaka. Tuseme akifikisha miaka 12 ana sentimita 149. Kama kilo zake zitakuwa zimebaki 42, uwiano wake utakuwa 18.9, chini ya 19.9 ambapo uzito uliozidi huanzia kwa umri huo. Hata akiongezeka kilo nne na kufikia 46, atakuwa na 20.7, mbali na kiribatumbo. Yaani muda uko upande wenu, alimradi kilo zipande polepole kuliko urefu. Kwa sababu hiyo msimpe dawa wala chai za kupunguza mwili, msimfungishe kula, na msimpime kila asubuhi. Pima urefu ukutani na uzito kwenye mizani ileile kila baada ya miezi mitatu, bila watazamaji, na uandike.

Jina la bonge likome nyumbani kwanza, hata likitamkwa kwa mapenzi na wajomba. Mabadiliko yawe ya nyumba nzima: soda isiwepo kwenye friji kwa mtu yeyote, baba akiwemo, na chakula cha usiku kiliwe mapema kwa wote. Mtoto akiona yeye peke yake ndiye aliyekatiwa, ataelewa kwamba ameadhibiwa. Bibi mpe kazi ya heshima, ya kumpikia mboga anazozijua yeye, matembele, kisamvu cha karanga, mlenda, na kumpa mjukuu hadithi au safari ya sokoni mahali pa pipi.

Kabla ya yote hayo, mpeleke hospitali apimwe na daktari mara moja, hasa shinikizo la damu na sukari. Mwangalie nyuma ya shingo na kwapani: kama kuna weusi mzito kama uchafu usiotoka kwa kuogeshwa, ni dalili kwamba mwili wake umeanza kuikataa insulini, na daktari aelezwe. Aelezwe pia kama mtoto anakoroma na kushtuka usingizini, ana kiu na kukojoa kupita kawaida, anaumwa kichwa mara kwa mara, au anatumia dawa za pumu au ngozi zenye steroidi. Akichechemea au kulalamika maumivu ya nyonga au goti, msisubiri na msimlazimishe kukimbia hadi aonwe. Na kama amenenepa huku urefu wake umesimama kwa mwaka mzima, hilo linahitaji vipimo vya homoni, ingawa kwa mwanao sidhani, kwa kuwa sentimita 138 ni urefu wa katikati kabisa kwa umri wake.

Ukishapata majibu ya daktari, mwone afisa lishe wa halmashauri yako ukiwa na karatasi ya siku tatu, mbili za shule na moja ya mwisho wa wiki, uliyoandika pamoja na mtoto kila alichokula na kunywa, saa aliyokula, saa aliyolala na dakika alizocheza. Mwache aiandike kwa mwandiko wake mwenyewe, na usimkemee kwa lolote atakaloliandika, hata kama ni chipsi mayai usizozijua.